Chemba ya wingu kando ya ziwa: shajara ya mradi wa chembe msingi

Wiki ya 1: baridi itoke wapi

Lengo la mradi ni wanafunzi wa kidato cha tano na sita hapa Mwanza waone kwa macho yao njia za chembe zinazopita mezani, kisha ndipo tufungue jedwali la kwaki na leptoni, yaani chembe msingi zinazounda maada. Mpangilio huo tumeuchagua kwa makusudi. Anayeanzia kwenye jedwali hukariri majina 17 (kwaki sita, leptoni sita, fotoni, gluoni, W, Z na Higgs) na mtihani ukipita yameshayeyuka. Anayeanzia kwenye mstari aliouona hulitafuta jina mwenyewe.

Kifaa ni chemba ya wingu. Juu kuna alkoholi inayotoa mvuke, chini kuna bamba la baridi kali. Mvuke unaposhuka karibu na bamba unazidi kile ambacho hewa ile inaweza kubeba, lakini hauna pa kushikia ili uwe tone. Chembe yenye chaji ikikatiza hapo inang'oa elektroni kutoka kwenye molekuli za hewa, na ioni zinazobaki ndizo vishikizo vya matone. Kwa hiyo kinachoonekana si chembe yenyewe. Ni kama povu nyuma ya boti ya injini: boti imeshapita, mkondo wake bado unaonekana. Charles Wilson alipiga picha za mikondo ya namna hii Cambridge mwaka 1911 na akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1927. Chemba yake ilifanya kazi kwa kutanua hewa ghafla, hivyo ilikamata kitambo kifupi tu kila mara. Hii yetu huona mfululizo.

Maelekezo mengi hudai barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda, yenye nyuzi −78. Hapa hatukuipata kwa rejareja. Tukaamua kutumia moduli za Peltier aina ya TEC1-12706, vigae vya milimita 40 kwa 40 vinavyohamisha joto kutoka uso mmoja kwenda mwingine umeme unapopita.

Jaribio la kwanza: moduli moja juu ya kipoza cha prosesa chenye feni, volti 12. Bamba likaishia nyuzi −8. Hakuna kitu. Alkoholi ya isopropili inahitaji bamba lishuke chini ya −26 hivi, na −30 ndipo mambo yanakuwa mazuri.

Moduli mbili tukazibebanisha, zote kwa volti 12, bamba likawa na joto zaidi kuliko mwanzo. Kosa hili litamkuta kila anayejenga, kwa hiyo tulieleze vizuri. Moduli ya juu haihamishi joto la bamba peke yake. Inamwaga chini pia umeme wote inaoula. Ukiipa volti 12 inamwaga zaidi ya wati 50, na ya chini haiwezi kuyabeba hayo huku ikiendelea kushusha nyuzi. Ya juu ipewe volti 5, itakula kama ampea 2 tu, na ya chini ibaki volti 12. Saplai ya kompyuta ya zamani inatoa volti zote mbili: waya wa njano ni 12, mwekundu ni 5, mweusi ni hasi.

Onyo: usiwashe moduli hata kwa dakika moja ikiwa haijakaa juu ya kipoza. Risasi ya kulehemu iliyo ndani huyeyuka na moduli imekufa. Na ukigeuza waya, uso wa juu ndio unaochemka. Pima kwa sekunde tatu kwa kidole kabla ya kupaka pesti.

Wiki ya 2: barafu ya samaki

Feni tumeiacha. Kwenye upande wa moto tumeweka bloku ya maji ya alumini, na pampu ndogo ya kuzamisha ya volti 12 inasukuma maji kutoka ndooni. Kwa maji ya bomba ya nyuzi 25 bamba lilifika −22. Ukungu ulionekana, njia hapana.

Suluhisho lilikuwa mwaloni, pale boti za samaki zinaposhukia, siku zote: barafu ya chenga wanayopangia sangara. Ndoo ya lita 20, nusu maji nusu barafu, maji yanashuka hadi nyuzi 3 au 4 na bamba likagonga −34 ndani ya dakika 12. Kila nyuzi unayoipunguza upande wa moto unaipata zaidi ya nusu yake upande wa baridi, kwa hiyo usitafute moduli kubwa zaidi kabla hujatafuta maji baridi zaidi.

Chemba ya darasani ina minara minne ya moduli mbilimbili chini ya bamba la sentimita 8 kwa 8, na hesabu ya barafu ifanywe kabla ya kwenda kununua. Minara minne: moduli za chini 4 × 12 V × 4.5 A = wati 216, za juu 4 × 5 V × 2 A = wati 40. Jumla wati 256. Kwa saa moja ni kilojuli 922. Kilo moja ya barafu inayeyuka kwa kilojuli 334, basi ni kilo 2.8 kwa saa, bila kuhesabu joto linaloingia ndooni kutoka nje. Kwa kipindi cha saa mbili tunanunua kilo 8. Umeme wa minara minne hautoki tena kwenye kompyuta ya zamani. Tumetumia saplai ya taa za LED ya 12 V 30 A, na nyingine ya 5 V 10 A.

Barafu ya samaki ina magamba na utelezi, na njia za bloku ya maji ni nyembamba. Mara ya pili pampu ilisukuma lakini maji hayakurudi, bamba likapanda hadi −15 bila mtu kugundua. Sasa pampu inavikwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, na bomba la kurudishia linamwaga juu ya ndoo mahali panapoonekana, ili maji yakikatika yajulikane kwa jicho.

Bamba ni alumini ya milimita 3, limepuliziwa rangi nyeusi isiyong'aa, tabaka moja jembamba. Usibandike selotepu nyeusi ya umeme, inazuia baridi na inajikunja. Kati ya bamba na moduli pakaa pesti ya prosesa kiasi cha punje ya mchele kila moduli, kisha ubane kwa skrubu nne kwa kuzipokezana, robo mzunguko kila moja. Ukibana upande mmoja kwanza kigae kinapasuka. Pembeni jaza vipande vya boksi la stairofoamu lililovunjika, ukiacha bamba tu likiangalia juu.

Kipimajoto: kichwa cha waya wa termokapo lazima kigandishwe kwenye bamba kwa pesti na selotepu ya alumini. Kikiwa hewani kitakudanganya kwa nyuzi 10 au zaidi.

Wiki ya 3: mvua, theluji, kisha mstari

Sanduku la kioo cha milimita 4, sentimita 12 kwenda juu, limeunganishwa kwa silikoni na kuachwa siku mbili hadi harufu ya siki iishe. Mvuke wa silikoni mbichi unaharibu ukungu. Juu, kwa ndani, tumezungusha utepe wa blanketi la sufu ulioloweshwa alkoholi mililita 15.

Kuhusu alkoholi. Spiriti ya duka la dawa ina maji kama asilimia 30, na maji hayo huganda kwenye bamba kuwa theluji nyeupe inayoficha kila kitu. Vitakasa mikono ni vibaya zaidi kwa sababu vina gliserini. Inayotakiwa ni isopropili ya asilimia 99, ile ambayo mafundi simu wanasafishia bodi. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 12 hivi, maana yake katika chumba chochote cha Mwanza uko tayari kuwaka muda wote. Jiko la mkaa, mshumaa na kiberiti visikae chumba hicho, dirisha liwe wazi, na chupa ifungwe mara tu baada ya kumimina. Hili hatulilegezi kwa mwanafunzi yeyote.

Dalili tulizoziona, na sababu zake. Matone makubwa yanayoanguka kama manyunyu: vumbi, au utepe unachuruzika. Dakika kumi za mwanzo manyunyu ni kawaida, kwani vumbi linabebwa na matone hadi chini na hewa inajisafisha. Yakiendelea, punguza alkoholi. Ukungu unaozunguka kama moshi: kuna tundu, hewa ya nje inaingia. Hapa kwetu hewa ya ziwa ina unyevu mwingi, hivyo tundu dogo linaleta upepo na theluji kwa pamoja. Tumeziba ukingo wa chini kwa plastisini. Ukungu mzuri uliotulia lakini bila njia: karibu kila mara ni mwanga.

Mwanga tulipoteza nao siku tatu. Tochi ikiwa juu, unaona bamba tu. Inatakiwa ilale kabisa, miali ipite sentimita moja juu ya bamba, na anayetazama akae upande wa pili, akiangalia kuelekea mwanga kwa kuinama kidogo. Matone hutawanya mwanga kwenda mbele zaidi kuliko nyuma. Tulipohamisha viti kwenda upande wa pili wa meza, njia zilikuwa pale pale, zikitokea kila baada ya sekunde chache.

Tabaka linaloona ni kama sentimita moja tu juu ya bamba. Ukweli huu una matokeo makubwa kwenye kuhesabu, kama itakavyoonekana wiki ijayo.

Baada ya nusu saa njia zilififia. Ioni za zamani zilikuwa zimejaa na kila moja inanyang'anya mvuke. Chanuo la plastiki lililosuguliwa kwenye sufu, likiwekwa juu ya kifuniko kwa sekunde kadhaa, linazivuta na njia zinarudi kuwa kali. Volti kubwa za kuzivuta ioni hizo hatuziweki kwenye chombo kitakachoshikwa na wanafunzi.

Wiki ya 4: kutaja majina bila kudanganya

Njia zimegawanyika makundi matatu. Fupi na nene, kama uzi wa sufu: alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili zikiwa pamoja. Nyembamba zilizonyooka toka ukuta hadi ukuta: nyingi ni myuoni, ndugu wazito wa elektroni watokao angani. Nyembamba zinazojipinda ovyo: elektroni za nishati ndogo, ambazo kila kiini cha atomu kinaziyumbisha.

Unene una hesabu yake. Kuunda jozi moja ya ioni hewani kunagharimu kama eV 35 (elektronvolti, kipimo cha nishati ya chembe; MeV ni milioni yake, GeV bilioni yake). Alfa ya MeV 7.69 inaishia ndani ya sentimita 7 hivi, ikiacha jozi 220,000, yaani zaidi ya 30,000 kwa kila sentimita. Myuoni inaacha kama 70 tu kwa sentimita. Mwanafunzi akishapata uwiano huo kwa kalamu yake, haulizi tena kwa nini moja ni uzi na nyingine ni unywele.

Hapa tahadhari, kwa sababu maelezo mengi rahisi hukosea: mstari mwembamba ulionyooka hauthibitishi myuoni. Elektroni ya nishati kubwa nayo hunyooka. Tunawafundisha kuandika "huenda ni myuoni", na kwa nini: usawa wa ardhi myuoni ndizo nyingi zaidi kati ya chembe zenye chaji zitokazo juu. Na umbo la Y mara nyingi ni njia mbili zilizokutana kwa bahati kwa nyakati tofauti. Kuoza kwa myuoni, ambako mstari unavunjika ghafla na kutoa elektroni, kunaonekana mara chache sana. Usiuahidi darasani.

Swali la sumaku linaulizwa na kila kundi: mbona njia hazipindi? Kanuni ni p = 0.3 × B × R, p ikiwa momentamu ya chembe kwa GeV, B nguvu ya uga wa sumaku kwa tesla, R nusu kipenyo cha pinda kwa mita. Sumaku ya spika chini ya bamba inatoa labda tesla 0.1 pale juu. Myuoni ya GeV 4, ambayo ni ya wastani, itapinda kwa duara la nusu kipenyo mita 133. Katika bamba la sentimita 8 hiyo ni kunyooka kabisa. Elektroni ya MeV 1 ina p ya MeV 1.42, nusu kipenyo sentimita 4.7, hiyo inaonekana. Carl Anderson alipogundua positroni mwaka 1932, sumaku yake ilikuwa tesla 1.5, na aliweka bamba la risasi katikati ya chemba ili ajue chembe ilitoka upande gani: baada ya risasi inapungua nguvu na kupinda zaidi. Bila bamba lile, positroni inayoshuka na elektroni inayopanda zingefanana.

Kuhesabu sasa. Vitabu vinasema myuoni moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Bamba letu lina sentimita za mraba 64, basi wanafunzi walitegemea mistari mirefu 64 kwa dakika, na waliona michache tu. Vitabu havijakosea. Myuoni nyingi zinashuka wima, na idadi hupungua kwa mraba wa kosaini: kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka wima imebaki robo. Ile ya wima inakata tabaka la sentimita moja na kuacha kijimstari kifupi au doa. Ile ndefu inayopendeza macho ni ile iliyolala, ambayo ni adimu. Tulipowaambia wahesabu na madoa, idadi ilipanda vizuri, ingawa madoa mengi yanabaki bila kuonwa.

Mwanza ipo karibu mita 1,135 juu ya bahari na nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Mwinuko unaongeza myuoni kidogo. Ikweta inapunguza: uga wa sumaku wa dunia hapa umelala mlalo zaidi kuliko wima, na hurudisha angani protoni, zile ambazo zingezaa myuoni, zenye nishati chini ya GeV 10 na hata za zaidi kidogo. Jacob Clay, mwanafizikia Mholanzi, aliona mionzi hii ya angani ikipungua kuelekea ikweta alipovuka bahari kati ya Java na Uholanzi mwaka 1927, na huo ukawa ushahidi kwamba mionzi ile ina chaji. Wanafunzi hulipenda jambo hili kuliko tulivyodhani, kwa kuwa mahali wanapoishi pameingia kwenye hesabu.

Kisha lile la muda. Myuoni huishi mikrosekunde 2.2. Hata kwa kasi ya mwanga ni mita 660, na zinazaliwa kilomita 15 juu kutokana na pioni, chembe za muda mfupi, zinazooza. Gawa GeV 4 kwa uzito wake wa GeV 0.106: unapata 38. Muda wake kwetu unarefuka mara 38, mita 660 zinakuwa kilomita 25. Kila mstari mwembamba mezani ni uhusianifu wa Einstein ukipita.

Wiki ya 5: mawe ya Mwanza

Alfa za uhakika zinahitajika. Vyanzo vya mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na kuvunja kigunduzi cha moshi ili kutoa amerisiamu yake, chanzo kidogo cha alfa, ni hatari na hatutaki mtu aige. Lakini mji umejengwa juu ya matale, yaani granaiti, na granaiti ina urani, thoriamu na potasiamu 40. Urani ikioza hatua kwa hatua hutoa gesi ya radoni, inayojikusanya vyumba vya chini vilivyofungwa.

Njia ya kwanza: puto lililosuguliwa kwenye nywele, likaning'inizwa dakika 40 katika stoo iliyogusana na mwamba. Chaji inavuta mazao ya radoni yanayoelea. Kata kipande cha sentimita 2 kwa 2, kitundike kwa waya sentimita moja juu ya bamba. Kisiguse bamba, kinaharibu tabaka. Asubuhi kavu ilifanya kazi. Baada ya mvua puto lilipoteza chaji ndani ya dakika chache na hatukupata kitu.

Njia ya pili haijali unyevu: feni ndogo ya kompyuta ikivuta hewa ya stoo ile ile kupitia tishu kwa dakika 30, mlango umefungwa. Kipande cha tishu chembani, alfa zikachomoza kama miiba. Hii ndiyo tunayoitumia sasa.

Hesabu njia nene kila dakika 10. Zitapungua nusu kwa muda wa kati ya dakika 30 na 45, lakini mchoro hautakuwa laini kama wa kitabu. Polonimu 218 ina nusu uhai (muda wa nusu yake kuoza) wa dakika 3.1 na huwa imekwisha kabla hujakaa vizuri. Alfa zinazobaki ni za polonimu 214, ambayo haidumu hata milisekunde moja. Inazalishwa kwa kusubiri risasi 214 (dakika 27) na bismuthi 214 (dakika 20) zioze. Mwalimu akiutegemea mstari mmoja mnyoofu kwenye karatasi ya logi, wanafunzi watadhani wamekosea.

Tishu hiyo moja ndiyo mlango wa jedwali. Alfa ni protoni mbili na nyutroni mbili, zimeshikwa na nguvu kuu, zikifukuzwa na msukumano wa umeme. Beta ya bismuthi, yaani elektroni inayotoka kiini chake kikioza, ni kazi ya nguvu dhaifu: kwaki d imegeuka u na kutoa W, nayo ikawa elektroni na antinyutrino ambayo chemba haiwezi kuiona. Fotoni za gama nazo hazionekani, ila elektroni zinazogongwa nazo.

Kwaki tunazipanga kwa vizibo vya soda vya rangi tatu. Protoni ni u, u, d: chaji 2/3 + 2/3 − 1/3 = 1. Nyutroni ni u, d, d: sifuri. Sheria ni moja, rangi tatu tofauti kila mara. Tatizo linaloibuka ni uzito. u ni MeV 2.2, d ni 4.7, jumla ya protoni ingekuwa kama 9, kumbe ni 938.3. Usipite hapa haraka. Asilimia 99 ya uzito wa protoni, na kwa hiyo wa sangara, wa mwamba na wa mwanafunzi mwenyewe, ni nishati ya gluoni na mwendo wa kwaki ndani yake. Mara nyingi huambiwa kwamba Higgs, iliyoonekana katika maabara ya CERN mwaka 2012, ndiyo inayotoa uzito wote. Inatoa ule wa elektroni na ule mdogo wa kwaki.

Yaliyobaki kwa wiki ya 6: kifuniko cha pili cha kioo ili unyevu usigande juu na kuzuia kuona, betri ya 12 V 100 Ah kwa ajili ya umeme ukikatika (kwa wati 256 itadumu kama saa mbili bila kuishusha chini ya nusu), na kamera ya simu kwenye stendi, umbali wa kuonea (fokasi) umefungwa kwa mkono, ili njia zihesabiwe upya na watu wawili wasioambiana majibu.